Disketi Tatu za Yeremia

Tangu nirudi, kila anayeleta debe lake la uwele mashineni kwangu ananiuliza swali lile lile: mzee, ulikwenda wapi ukarudi umekonda hivyo? Nimejibu mpaka nimechoka, na kila nikijibu naishia njiani. Nimeamua kuandika mara moja tu, anayetaka asome. Shule niliacha darasa la tatu. Lakini mashine ya kusaga mnayoitumia hapa Gulwe niliinunua kwa jasho langu, nikaifunga mwenyewe, na ikikorofisha naifungua mwenyewe. Kwa hiyo asiniletee mtu kicheko cha herufi.

Wengine wenu mlikuwa wadogo, au hamjazaliwa. Mwanangu wa kwanza, Yeremia, alikuwa karani wa kompyuta Dodoma, kwenye ofisi ya mradi wa visima, enzi zile kompyuta inafunikwa kitambaa kama bibi harusi. Mara ya mwisho alipokuja nyumbani alimwambia mama yake: "Mama, nikirudi ofisini nitaiweka sauti yangu kwenye disketi. Siku nikipata kompyuta yangu nitaileta hapa, mtanisikia hata nikiwa safarini." Tukacheka. Akaondoka, akaugua kifua, akafa. Kwenye sanduku lake tukakuta disketi tatu, vibapa vyeusi vya mraba, upana wa kiganja. Kila kimoja kimeandikwa namba kwa mkono wake: moja, mbili, tatu.

Sasa, kwetu vitu vya marehemu havilali nyumba moja. Matanga yakiisha vinagawanywa, kila aliyemlilia apate cha kushika. Wazee walipoziona zile namba wakasema, huyu kijana alikuwa na adabu, amegawa mwenyewe kwa ukubwa. Basi namba moja akapewa mjomba wake, kaka wa mke wangu, maana bila mjomba huyo, mtoto huna. Namba mbili nikapewa mimi. Namba tatu akapewa dada yangu, shangazi yake. Mama yake alipewa sweta, kwa kuwa alilishika tangu msiba unaingia na hakuna aliyethubutu kulitoa mikononi mwake. Nasema wazi: hakuna aliyekosea. Ndivyo tulivyojua.

Miaka ikapita, mingi. Mwaka huu, tumetoka kanisani, mke wangu akasimama katikati ya njia. Akaniambia, "Baba Yeremia, sura yake ninayo. Sauti imenitoka."

Nikamwambia, "Sauti ya mtoto haimtoki mama."

"Imenitoka. Naitafuta, nasikia za wadogo zake tu."

Mama huyu anazeeka, kuna siku ananiuliza kama baba yake amekula. Nikaona siwezi kusubiri. Mimi si mtu wa kukaa na kitu kilichoharibika. Nikafungua sanduku, nikatoa disketi yangu, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda stesheni.

GULWE KWENDA DODOMA

Reli yetu mnaijua. Mvua ikinyesha milimani, mto unaacha njia yake unakuja kupita relini. Tulifika Msagali, treni ikasimama. Tope lilikuwa limefunika njia mbele, wakaenda watu na makoleo, nasi tukabaki tumekaa tunatazamana.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja anarudi Kigoma. Aliponiona nimekishika kile kifurushi mapajani kama yai, akauliza, "Mzee, dawa?"

"Sauti ya mtoto," nikamwambia.

Hakucheka. Alifungua bakuli lake, akanigawia wali na samaki, na mimi nikanunua mahindi ya kuchemsha dirishani tukala wote. Baadaye akasema, "Ya mume wangu ilikuwa kwenye simu. Simu ikazimika. Fundi akanambia, mama, nunua nyingine. Nikamuuliza, mume au simu?" Akacheka peke yake, halafu akageuza uso dirishani. Tulikaa hivyo mpaka treni ikavuta. Jina lake sikuuliza, na ninajuta.

CHANG'OMBE, HALAFU MIYUJI

Dodoma ya sasa siijui. Mji niliokuwa naleta ngozi za mbuzi umekuwa wa magari ya vioo vyeusi na vijana wenye vitambulisho shingoni. Nilimuuliza mmoja wapi wanafungua disketi, akaniuliza kama namaanisha disko. Nikamwacha alipo.

Chang'ombe ndiko nilikompata mtu wa kusema naye. Ni fundi wa simu na kompyuta, jina lake Hamisi, kibanda chake kimebanana na duka la mkaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nina disketi."

Akaichukua, akaigeuza, akaipuliza. "Mzee, hii siku hizi hata wezi hawaibi."

"Sikukuuliza habari za wezi."

Akacheka, akasema nisamehe baba. Akafukua boksi la nyaya, akatoa kisomeo kidogo cha kuchomeka, akakitia kwenye kompyuta yake. Kikanguruma kama panya kwenye gunia. Hamisi akakodoa macho.

"Faili lipo. Halijaharibika. Ila halifunguki, limekatwa. Hiki ni kipande."

"Kiunganishe."

"Programu iliyokikata siku hizi haipo, mzee. Nimejaribu tatu hapa, zote zinakikataa. Ilishakufa hiyo."

"Programu inakufaje? Ina mapafu?"

"Watu wakiacha kuitumia, imekufa."

Kijana wa watu hakujua amesema nini. Akaniandikia mahali pa kwenda: Miyuji, kwa mama mmoja mstaafu anayeitwa Mama Operata, aliyekuwa anafundisha makarani wa serikali kompyuta, na ambaye eti mashine zake za zamani hakuzitupa. "Huyo mama tunamcheka," akasema Hamisi, "lakini tukikwama tunamkimbilia."

Mama Operata ana mzabibu uliotambaa uwanja mzima, na chumba kizima cha kompyuta kuukuu zilizofunikwa vitenge. Alinipa chai na mihogo kwanza, akakataa kugusa chochote mpaka nimalize kikombe. Halafu akaitazama disketi, akauliza, "Ziko tatu?"

"Umejuaje?"

"Ameandika hapa pembeni, mbili ya tatu. Mzee, hii ni sauti moja. Haikuenea kwenye disketi moja, akaikata vipande. Ni kama ng'ombe. Umeniletea mguu, unataka alie?"

Nikamweleza tulivyogawana. Nilitegemea atacheka, maana watu wa mjini wanacheka. Hakucheka. Alikaa akapiga vidole mezani.

"Programu ya kuunganisha nilikuwa nayo," akasema. "Mchwa waliingia kabatini, wakala makaratasi na maboksi, na maji ya kuwafukuza yakamaliza kilichobaki. Lakini sisi tulikuwa na mazoea. Tulikuwa tunaiweka programu yenyewe kwenye disketi ya kwanza, ili faili litembee na ufunguo wake. Kama kijana wako alifundishwa vizuri, ufunguo uko kwenye namba moja."

"Alifundishwa na nani?"

"Wa mradi wa visima? Huenda na mimi." Akafikiri sana. "Simkumbuki, baba. Walikuwa wengi."

Nilimwachia namba mbili, nikaondoka kuzitafuta zile nyingine mbili.

KINTINKU

Dada yangu yuko karibu kuliko shemeji, kwa hiyo nilianza na yeye. Basi lilinishusha barabarani, nikatembea kwenye tope la mashamba ya mpunga mpaka viatu vikawa vizito kama tofali. Nilitokea uani kwake sijapiga simu, suruali imekunjwa, begi begani, uso umechoka.

Mnajua kosa langu. Mzee mzima hatokei kwa dada yake bila taarifa ila amebeba msiba. Aliponiona aliacha ungo chini, akashika kichwa, akapiga yowe: "Nani? Nani jamani? Ni wifi? Sema!"

"Hakuna aliyekufa!"

"Unanificha! Wanaume mnaficha!"

"Dada, hakuna—"

Lakini yowe lilishavuka uzio. Majirani wakaja mbio na kanga viunoni, wengine wameshabeba kuni. Mzee mmoja akanishika mkono, akaniambia pole, ni kazi ya Mungu. Nikamwambia kazi gani? Akasema, hiyo iliyotokea. Ilibidi nipande juu ya kinu nipige kelele kwamba nimekuja kuchukua disketi.

Mama mmoja akasema, "Na hizi kuni?"

Basi dada yangu, kwa kuwa watu wameshaweka kuni chini na mtu hapelekwi nyumbani na kuni zake, akachinja kuku wawili, akasonga ugali wa uwele, akapika mlenda, watu wakala. Wakalalamika kwamba msiba wenyewe haupo na kuku ni wadogo. Sikuweza kuondoka mpaka wa mwisho alipoaga.

Watu walipotawanyika dada akaniingiza ndani. Juu ya kabati kuna redio kubwa ya zamani, ile ya spika mbili, imetandikwa kitambaa cha kufuma. Na juu ya spika ya kulia, imeegemezwa kama picha ya askofu, namba tatu. Haina hata vumbi.

"Tangu matanga iko hapo," akasema. "Naifuta kila asubuhi. Alipenda kwaya yule mtoto. Nikamweka hapo, Jumapili nafungua redio, anasikiliza na mimi."

Aliitoa kwa mikono miwili. Akaniambia, "Kama sauti yake imo humu, itakuwa inajua nyimbo zote." Nikamwambia, inajua, dada. Asante kwa kumtunza.

MANYONI

Shemeji yangu anakaa nje ya mji wa Manyoni, kwenye tembe la mababu ambalo wanawe wanataka kulibomoa wajenge la bati. Nikapiga hodi kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwenyi!"

"Nani huyo? Aa, mwizi wa dada yangu! Umekuja kubadilisha yule ng'ombe wa mahari? Alikuwa kipofu."

"Alikuwa na aibu tu. Alipokuona akafumba macho."

Ndivyo tulivyo sisi wawili, tangu ujana. Lakini nilipomweleza nilichofuata, utani ukaisha palepale. Akavuta kigoda akakaa, akanitazama.

"Nilipewa mbele ya watu," akasema. "Kaburi bado halijakauka udongo. Leo unakuja peke yako, mkono mtupu, niitoe? Kuchukua ulichogawa ni kufungua matanga. Unataka kufungua matanga ya mtoto, shemeji?"

"Nataka dada yako asikie sauti."

"Mimi namjua dada yangu kabla yako. Nakuambia desturi."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimwambia ni mkaidi kama baba yake. Akaniambia nimekuwa mtu wa mashine, nadhani kila kitu kinafunguliwa kwa spana. Hapo, nakiri, alinipata. Nikauliza basi kinachotakiwa ni nini. Akasema: tukae kama tulivyokaa siku ile. Watu waitwe, pombe ipikwe, tumlie kidogo, ndipo aitoe mbele yao kama alivyopokea mbele yao.

Nikangoja pombe ikomae. Kungoja kule ndiko kulikonikondesha, maana kula sikuweza. Siku ilipofika wakaja wazee wachache, wengi wa siku ile wenyewe wameshazikwa. Wanawake wakaimba. Shemeji akachokonoa ukuta wa tembe, akatoa udongo, akatoa mkebe wa chai uliozibwa kwa nta ya nyuki pande zote. Ndani kitambaa, ndani ya kitambaa namba moja, safi kama ya dukani. Akaibeba mbele ya watu, akasema, "Mjomba, mama yako anakuita." Akalia. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona analia yule bwana. Hata siku ya kaburi alikuwa anatukana wachimbaji.

KURUDI MIYUJI

Mama Operata alitia namba moja kwenye ile mashine yake ya zamani. Ikanguruma, ikaandika herufi nyeupe kwenye weusi. Akapiga kofi. "Alifundishwa vizuri! Ufunguo huu hapa." Nikaona machozi yanamlenga, sijui kwa ajili ya Yeremia au kwa ajili ya kazi yake mwenyewe.

Mashine ikaomba namba mbili, akaitia. Ikameza. Ikaomba namba tatu.

Namba tatu iliingia ikalia kwa sauti nyingine. Kavu. Akaitoa, akaifuta, akairudisha. Akajaribu mashine ya pili, kisha ya tatu. Akavua miwani.

"Hii ilikaa wapi, baba?"

"Juu ya redio. Kwenye spika."

"Spika ina sumaku ndani," akasema. "Na hizi zinaandikwa kwa sumaku. Imefutika yote. Ni nyeupe."

Nilimwambia arudie. Akarudia, kwa heshima tu, tukijua wote wawili. Halafu akaniuliza kama nataka kusikia kilichopo. Nikasema washa.

Kwanza mvumo, kama upepo kwenye bomba. Kisha mtu akakohoa. Kisha: "Shikamoo mjomba." Ni yeye. Nilishika meza. "Mjomba, najua hii utaificha mahali mpaka panya waikose." Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Shikamoo baba. Baba utasema nachezea umeme wa ofisi. Ni kweli, nachezea. Mkanda wa mashine nimeupata, usifunge ule uliochakaa, nitakuja nao." Aliletwa yeye kwenye jeneza, mkanda haukuja. Akamsalimu shangazi yake, akamtania kuhusu kwaya, kwamba sauti ya tatu wanaimba kama wanafukuza ndege shambani. Akaeleza kisima kilichotoa maji matamu kule walikokuwa wanachimba. Akavuta pumzi.

"Haya, hao wote nimemaliza," akasema. "Sasa."

Ikakatika.

Mama Operata alinihamishia sauti hiyo kwenye kadi ya simu yangu. Akaniuliza taratibu, "Nilikate hilo neno la mwisho? Lisibaki linaning'inia."

"Liache. Alilisema yeye."

Njiani nikaamua jambo. Sababu ya sauti kukatika sitamwambia mtu nyumbani. Dada yangu na mke wangu, wifi na wifi, waligombana ujana wao wote, wamepatana uzeeni, wanatumiana karanga na mchele. Nikisema redio, nimeua mmoja na kumpa mwingine kisu. Nyinyi mnaosoma sasa mmejua. Fungeni midomo.

NYUMBANI

Nilimkuta ameketi mlangoni, amejitanda. Nikamwambia nimemleta. Nikaweka simu mkekani mbele yake, nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kaka yake aliposalimiwa alitikisa kichwa kidogo. Mimi niliposalimiwa alinitazama. Kwenye kwaya hakucheka. Ikafika "Sasa", ikakatika. Akaendelea kusikiliza, mkono sikioni.

"Haiendelei?"

"Imeishia hapo."

"Rudia."

Nikarudia. Akasikiliza yote tena mpaka mwisho. Akaisukuma simu kwa vidole, ikanijia.

"Huyu si wangu," akasema.

"Mama Yeremia. Ni yeye. Hukusikia habari ya mkanda?"

"Wangu asingemsalimia mjomba, akamsalimia baba, akamsalimia na shangazi, mimi akaniacha. Wangu angeniita. Yule hakuwahi kuingia hata uani bila kuniita."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ninyi mnanijua, neno likinifika mdomoni halirudi. Lilirudi.

"Kamrudishie mwenyewe," akaniambia. "Usikae na sauti ya mtoto wa watu. Kuna mama anaitafuta."

Nikachukua simu, nikaenda nayo mashineni. Mimi namsikiliza, mashine ikiwa imezimwa, mlango nimeufunga. Ni mwanangu. Sikumfuata kwa ajili yangu, lakini mimi ndiye niliyempata.

Baada ya siku kadhaa, nikiwa nakula, mke wangu akaniuliza, "Ulimpelekea yule mama?"

Sijazoea kusema uongo. Nikatafuna kwanza.

"Nilimpelekea."

"Alimtambua?"

"Palepale."

"Alilia?"

"Alilia sana."

Akanisogezea bakuli la mlenda. "Basi vizuri," akasema. "Na yeye apumzike."